Sura ya Tisa: Nafasi Kumi Tupu

Karatasi ilikuwa moja tu, na Craig Wendt aliisukuma mezani kwa kidole kimoja.

"Kila kitu kimo humo," alisema. "Jina, tarehe, saa. Mstari mmoja umefutwa, na aliyeufuta ni yule binti wa Texas. Sasa mnangoja nini?"

Sajini Dolores Perko wa polisi wa Duluth aliivuta karatasi kwake. Alikuwa na miaka hamsini na saba, magoti mabovu, na tabia ya kusoma karatasi mara mbili kabla ya kuamini neno lolote lililomo. Nje ya dirisha ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda mlima mpaka ukaimeza hospitali. Saa mbili asubuhi, taa za maegesho zilikuwa bado zinawaka.

Siku kumi na sita zilizopita Raymond Sipola, mstaafu wa gati la madini, alikufa katika hospitali hii. Aliletwa na mguu uliovimba na homa ya kuweweseka, akachomwa sindano ya penisilini. Faili lake lilikuwa linasema tangu mwaka 1988 kwamba penisilini ni sumu kwake. Kompyuta, ambayo kazi yake ni kupiga kengele daktari anapoandika dawa ya namna hiyo, ilikaa kimya. Hata ukanda mwekundu wa mkononi wa kuwaonya wauguzi, unaochapwa na programu ileile, haukutoka. Mkewe Marlys, ambaye angewaambia, alikuwa bado anatafuta mahali pa kuegesha gari.

Wendt ndiye aliyekuwa mkuu wa kompyuta hospitalini. Programu ya kengele iliandikwa miaka arobaini nyuma kwa COBOL, lugha ya kompyuta ambayo vijana hawaijui tena, na mwaka huu Wendt alimwajiri Yesenia Cantú aitafsiri, mstari kwa mstari, iende kwenye lugha ya sasa, Java. Kila alichobadilisha Yesenia kilikaguliwa na Arne Halvorsrud, mzee aliyeiandika ile ya kwanza, aliyeombwa atoke kwenye ustaafu wake kwa miezi michache. Bila alama ya kijani ya Arne hakuna mstari uliopita.

"Tarehe tatu alipata barua kwamba mkataba wake hautaongezwa," Wendt aliendelea. "Tarehe nne akafuta mstari. Tarehe tisa mtu akafa. Mimi si polisi, lakini hesabu hiyo hata mjukuu wangu anaiweza."

"Hapa pameandikwa kwamba Arne aliidhinisha. Tarehe nne hiyohiyo, saa sita na dakika ishirini mchana."

"Arne ana miaka sabini na tatu. Pengine alibonyeza bila kuangalia."

"Na ujumbe waliokuwa wakiandikiana? Umeusoma?"

"Mimi sisomi soga za waandika programu, Dolores. Naangalia alama ya kijani. Ikiwaka, tunasonga mbele."

Perko akaikunja karatasi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa pamechapwa: ukurasa 1 kati ya 2. Mtu akikupa nusu ya kitu usimdai nusu ya pili papo hapo. Mwache kwanza ajione mjanja.

"Mwendesha mashtaka anataka jibu langu saa sita," alisema akiinuka kwa kushikilia meza. "Kumkamata kwa kuua bila kukusudia, au kutomkamata. Nitarudi kabla ya hapo."

"Kurudi kufanya nini?"

"Kukuaga," alisema Perko.

*

Yesenia Cantú alikuwa katika moteli ya kando ya ziwa, ameketi kitandani na koti mwilini ingawa chumba kilikuwa na joto. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na macho ya mtu ambaye usingizi umemkimbia wiki mbili. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa. Polisi walimkataza kuondoka mjini, naye hakuwa amelifungua tangu siku hiyo.

"Umekuja kunikamata?"

"Bado. Nina saa tatu. Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu anauza maua kule Laredo, Texas. Angenielewa haraka kuliko Wendt." Akachukua kijitabu cha moteli, akachora safu ya visanduku. "Programu ya zamani haijui maneno, inajua visanduku. Kwenye faili la mgonjwa, jina la dawa limepewa visanduku thelathini. PENICILLIN ni herufi kumi. Ishirini vilivyobaki vinajazwa nafasi tupu."

"Na tupu ni tupu."

"Kwa COBOL, ndiyo. Ukiiuliza kama majina mawili ni sawa, tupu za mwishoni haizijali. Java inazihesabu. Kwake nafasi tupu ni herufi, kama A ilivyo herufi. Kwa hiyo nilipotafsiri niliweka mstari wa kunyoa. Kabla ya kulinganisha, nyoa tupu zote."

"Ndio ulioufuta."

"Ndio nilioufuta."

Perko alipenda kwamba hakulainisha jibu. "Kwa nini?"

"Kwa sababu wauguzi wa hapa wana ujanja wao. Mgonjwa akipimwa ikaonekana dawa haimdhuru tena, jina hawalifuti. Wanaweka nafasi moja tupu mbele yake. COBOL inaliona kuwa jina jingine, inanyamaza. Hakuna kitabu kilichoandika hilo, wanafundishana wenyewe kwa wenyewe. Mstari wangu ulikuwa unanyoa mbele na nyuma. Basi kengele zikaanza kulia kwa watu ambao dawa haiwadhuru tena. Mia tatu kwa siku, Sajini. Wauguzi wakawa wanazizima bila kuzisoma, na wengine wanalia. Wendt akaniambia nizimalize kabla ya Ijumaa."

"Ijumaa kulikuwa na nini?"

"Bodi ya hospitali ilikuwa inakuja kuzima mashine ya zamani. Keki ilikuwa imeshaagizwa."

"Ungenyoa nyuma tu, mbele ukaacha."

"Sasa hivi hata wewe unajua." Yesenia akaitazama ile safu ya visanduku. "Siku ile mafaili yote niliyopewa ya kujaribia yalikuwa na visanduku thelathini. Thelathini kwa thelathini, tupu zinalingana zenyewe, kunyoa kwa nini? Sikujua kwamba faili la duka la dawa lina ishirini. Upande mmoja PENICILLIN na tupu ishirini, upande mwingine PENICILLIN na tupu kumi. Java ikasema haya ni maneno mawili. Nafasi kumi tupu, na mtu amekufa."

Akaifunika ile safu kwa kiganja.

"Lakini sikufuta gizani. Nilimuuliza Mzee Arne. Kila kitu nilikuwa namuuliza." Akampa simu yenye picha ya ujumbe wao. Saa tatu na dakika kumi asubuhi Yesenia aliandika: Mzee Arne, nimeondoa kunyoa kabisa, unaonaje? Saa nne na dakika mbili Arne alijibu kwa maneno matatu: Hiyo ni tofauti.

Perko akaweka kalamu chini.

"Ulielewaje hapo?"

"Kwamba ni njia nyingine. Mpya. Kidogo nilifurahi, sitakudanganya, mzee yule si mtu wa kusifu. Lakini sikuendelea, maana neno hilo peke yake si ruhusa. Nikaenda kula. Niliporudi alama ya kijani ilikuwa imewaka."

Perko alizaliwa huku, kwenye miji ya migodi iliyo juu ya ziwa, na alijua maana ya maneno hayo. Mama mkwe wake alipoliona gauni lake la harusi alisema, "Hiyo ni tofauti," na Perko alilia chooni nusu saa. Huku mtu hamwambii mwenziwe kwamba kitu chake ni kibaya. Anasema ni tofauti, kisha anabadilisha mazungumzo, na mwenye masikio amekwisha kusikia. Msichana wa Laredo angeyapata wapi masikio hayo?

"Na barua ya mkataba?" aliuliza. "Ilikukasirisha?"

"Mimi mwenyewe niliomba nisiongezewe. Niliandika Februari, muulize Wendt akuonyeshe. Baridi yenu hii si ya kuishi binadamu."

*

Saa nne Perko alishuka ngazi za kanisa la Kilutheri, akishika ukuta. Ilikuwa Jumatano ya Kwaresima, siku ya supu, na Arne Halvorsrud alikuwa jikoni na aproni, akikata karoti. Alikuwa mrefu, ameinama kidogo, ana mikono mikubwa ya watu waliokulia mashambani. Kwenye jiko masufuria mawili ya kuku na mchele wa mwituni yalikuwa yanachemka. Kahawa aliyomimina kumkaribisha Perko ilikuwa nyepesi mno, nawe unainywa tu.

"Nimekuja kwa ajili ya tarehe nne," alisema Perko.

"Nilikataa," alisema Arne.

"Uliandika kwamba ni tofauti."

"Ndiyo. Nilikataa." Kisu hakikusimama. "Faili la dawa ni ishirini. Nililitengeneza mwenyewe mwaka 1983. Bila kunyoa, mafaili yale mawili hayatakutana kamwe. Nimwambie mara ngapi? Nilimwambia, naye akapita juu ya neno langu. Nimejaribu kumsamehe yule binti, Dolores. Ni Kwaresima. Sijaweza."

Perko angeweza kumwambia pale pale kwamba binti hakumwelewa. Lakini alikuwa na saa mbili, na kitu kimoja alikihitaji kwanza.

"Na alama ya kijani uliiweka wewe?"

"Alama gani?"

"Chini ya jibu lako. Jina lako, saa sita na dakika ishirini."

Kisu kikasimama. "Haiwezekani. Nyumbani wameniruhusu kusoma na kuandika ujumbe tu. Kuidhinisha ni mpaka niketi kwenye meza yangu kule hospitali, na kule naenda Jumanne na Alhamisi. Jumatano siendi."

"Jumatano ile saa sita na dakika ishirini ulikuwa wapi?"

Arne akaelekeza kisu kwenye dirisha la kupakulia. "Pale, na kijiko mkononi. Watu arobaini walipita mbele yangu, na mchungaji akiwamo. Rudi saa sita uwaulize."

"Nywila yako iko wapi?"

Mzee akaona haya. "Kwenye kikadi. Chini ya kibodi. Nimezeeka, mwanangu."

"Alhamisi ulipofika hukuiona ile alama?"

"Sikufika. Wendt alinipigia Jumatano jioni, akanishukuru, akasema kazi yangu imekwisha. Kwa upole sana."

Perko akamaliza kahawa. Arne akarudi kwenye karoti, na sasa alikuwa anazikata vipande vinene kupita kiasi.

"Ray Sipola alikuwa anakaa meza ile ya nguzoni," alisema. "Marlys anakuja leo. Mara ya kwanza tangu mazishi." Perko alipofika mlangoni, akamwita. "Yule binti alinielewa, sivyo?"

"Nitarudi, Arne," alisema Perko.

*

Wendt hakufurahi kuulizwa ukurasa wa pili, lakini Perko alikuwa amepita kwanza kwa walinzi, na alikuwa na orodha ya kadi za mlango mkononi. Mashine ya kuchapa ilikohoa, karatasi ikatoka. Ukurasa ule ulionyesha mabadiliko yaliidhinishwa kutoka meza ipi. Ilikuwa meza namba saba.

"Meza ya Arne," alisema Wendt. "Nilikuambia."

"Arne alikuwa kanisani, anapakua supu mbele ya watu arobaini. Yesenia alitoka jengoni saa sita kasoro dakika mbili, akarudi saa sita na dakika hamsini na moja. Kadi zinasema ghorofa hii saa sita na dakika ishirini ilikuwa na mtu mmoja."

"Kadi. Watu wanafunguliana milango."

"Huenda." Perko akaketi bila kukaribishwa na kunyoosha goti. "Kuna jambo dogo linanisumbua. Yesenia ananiambia kwamba alipopata jibu la Arne asubuhi ile alidhani mzee anamsifu."

Wendt akacheka kwa pua. "Hiyo ni tofauti, akadhani anasifiwa? Watu wa Texas hawa."

Perko akamwacha akae na maneno yake mwenyewe mezani. Korido ilikuwa na muuguzi mmoja anayesukuma kitoroli, na gurudumu lake moja lilikuwa linalia.

"Mimi sijakuambia Arne aliandika nini," alisema Perko hatimaye. "Na soga za waandika programu husomi."

"Dolores."

"Umezaliwa wapi, Craig?"

"Unajua nilikozaliwa."

"Maili tisa kutoka hapa. Ulisoma maneno yale matatu ukajua kabisa kwamba umeambiwa hapana. Ukangoja watu waende kula, ukainua kibodi ya mzee."

Wendt alikuwa mtu mnene wa uso mwekundu, na ule wekundu ulikuwa umeondoka wote. "Arne hapendi chochote," alisema. "Kila kitu ni tofauti kwake. Kama ningengoja Arne apende, tungekuwa bado tunatumia mawe. Wauguzi walikuwa wameniandikia barua, sahihi sitini. Na bodi Ijumaa. Nilidhani ni ubishi wa mzee tu. Sikujua mtu atakufa."

"Ungempigia simu ukamuuliza sababu."

"Angenieleza," alisema Wendt. "Na Ijumaa ingepita."

Saa sita kasoro dakika tano Perko alimpigia mwendesha mashtaka. Yesenia Cantú hatakamatwa. Atakuwa shahidi.

*

Alimwambia Yesenia habari hiyo mlangoni mwa moteli, na binti hakurukaruka wala hakumshukuru Mungu. Alikaa juu ya sanduku lake akafunika uso.

"Unaweza kwenda nyumbani," alimwambia. "Lakini nisikilize vizuri. Familia inaweza kushtaki, na wakili wa hospitali anatafuta mtu wa kumtwisha mzigo. Usizungumze na Sipola yeyote. Neno moja tu la kukiri, na mwendesha mashtaka anaweza kukurudia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Mzee Arne yuko wapi? Nataka kumuuliza kitu."

Perko alipaswa kukataa. Alikuwa na njaa, na alikuwa amemwahidi Arne kwamba atarudi.

Ukumbi wa chini ya kanisa ulikuwa umejaa, na watu walikula kwa sauti ndogo ya mazishini. Kwenye meza ya nguzoni alikaa mwanamke mmoja peke yake, mwenye sweta la buluu. Kila aliyepita alimgusa bega na kusema supu ni nzuri leo, kisha akaenda kukaa mbali. Perko alimwingiza Yesenia jikoni kwa mlango wa nyuma. Arne alipomwona, uso ukamgeuka.

"Niliandika," alimwambia, bila salamu.

"Niliona," alisema Yesenia. "Uliandika kwamba ni tofauti. Kwetu mtu akisema hivyo kwa kazi yako, amependa. Ndicho nilichotaka kukuuliza, Mzee. Hukupenda?"

Arne akamtazama Perko. Perko akaitikia kwa kichwa, kisha ikambidi aseme. "Hakujua, Arne. Na alama aliiweka Wendt, kwa kikadi chako."

Mzee alikaa kwenye kreti la maziwa. Mtu mmoja alikuja dirishani kuomba mkate, akautazama uso wake, akaondoka bila mkate.

"Simu ilikuwa mezani," alisema Arne. "Nilifikiri kumpigia. Nikaona itakuwa kumwaibisha binti wa watu. Nikaona neno litatosha." Akainua macho kuelekea meza ya nguzoni. "Nimwambie nini Marlys?"

"Uliyotuambia sisi," alisema Perko. "Kwa maneno ya kueleweka."

Arne akajaza bakuli, akavua aproni, akaenda. Kupitia dirisha la kupakulia walimwona akiweka supu mbele ya mjane na kuketi karibu naye. Alikunjua leso ya karatasi, akaikunja tena.

"Barafu imechelewa kuondoka ziwani mwaka huu," alisema.

"Imechelewa," alisema Marlys Sipola.

"Labda upepo ukigeuka."

"Labda."

Wakakaa hivyo. Arne aliendelea kuikunjua leso na kuikunja, na Marlys, kwa adabu, hakuitazama.

Yesenia akasukuma mlango wa jikoni. Perko akamshika mkono wa koti. "Nilikuambia nini kuhusu familia?"

"Uliniambia wazi kabisa," alisema Yesenia, akajinasua.

Akapita katikati ya meza, watu wakigeuka kumwangalia mgeni. Akavuta kiti, hakukikalia. "Mama," alisema, "naitwa Yesenia Cantú. Kulikuwa na mstari mmoja kwenye kompyuta ambao ungeizuia ile sindano. Mimi ndiye niliyeufuta."

Vijiko vyote ukumbini vilisimama. Marlys Sipola akamtazama binti kutoka juu hadi chini, kisha akasogeza bakuli lake pembeni.

"Wiki mbili na zaidi," alisema, "na hakuna mtu katika mji huu aliyeniambia kitu. Kaa. Anzia mwanzo."